Akijifungia ndani na familia yake: Kusikiliza ndiyo dawa ya kwanza

Msomaji mpendwa, habari za aina hii si ngeni kwako. Mwanamume ameachwa na mkewe, au amefutwa kazi, au amekuwa akinywa tangu asubuhi. Usiku anaingia nyumbani, anatia komeo, anashika panga au bastola na kutangaza kwamba hakuna atakayetoka humo akiwa hai. Nje majirani wanakusanyika. Mmoja anapiga mlango mateke, mwingine anamtukana kupitia dirishani, wa tatu amekwenda kumwita mama mkwe. Kila mmoja anataka kusaidia. Kwa bahati mbaya, karibu kila wanalofanya linaongeza hatari kwa mama na watoto walio ndani.

Wiki hii tutajifunza jinsi polisi waliofunzwa kazi hii wanavyoifanya, na sababu zao. Huenda ukauliza daktari anatafuta nini katika kazi ya polisi. Jibu ni kwamba mbinu zao nyingi zimetokana na elimu ya akili na hisia, na kwamba mtu aliye nyuma ya mlango ule yumo katika hali ambayo sisi madaktari tungeiita dharura. Ina dalili zake, ina muda wake na ina tiba yake. Nawe unahitaji kuielewa, kwa sababu kabla ya polisi kufika, jirani ndiye aliye karibu.

SOMO LILILOPATIKANA KWA DAMU

Zamani polisi wa nchi nyingi walikuwa na njia moja tu ya kukabiliana na mtu aliyeshika watu mateka: kumwamuru atoke, na akikataa, kumvamia. Tuangalie kisa kimoja cha Marekani kilichobadilisha mawazo ya wengi.

Oktoba 4, 1971, mwanamume mwenye silaha alimlazimisha mkewe, ambaye walikuwa wametengana, kuingia katika ndege ndogo ya kukodi mjini Nashville. Alikuwa na mwenzake mmoja. Ndani walikuwamo pia rubani na msaidizi wake. Ndege ilitua Jacksonville, katika jimbo la Florida, ili ipate mafuta. Maafisa wa FBI, yaani shirika la upelelezi la nchi hiyo, walikataa kuyatoa. Hata hivyo, mambo yalikuwa yakisonga. Msaidizi wa rubani aliruhusiwa kushuka ili azungumzie mafuta, na baadaye yule mwenzake mtekaji naye akashuka. Badala ya kuendelea kungoja, maafisa walipiga risasi magurudumu na injini ya ndege. Muda mfupi baadaye mwanamume yule alimuua rubani, akamuua mkewe, kisha akajiua mwenyewe.

Familia ya rubani ilikwenda kortini. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kulikuwa na njia bora zaidi ya kulinda maisha ya waliokuwa ndani, nayo ni kungoja. Watu wawili walikuwa wameshatoka bila risasi hata moja.

Kati ya kisa hicho na hukumu yake, mambo mengine mawili yalitokea. Septemba 1972, wakati wa michezo ya Olimpiki mjini Munich, wanamichezo na makocha 11 wa Israeli waliuawa, wengi wao katika jaribio la kuwaokoa lililoshindwa. Kisha Januari 1973 majambazi walizingirwa katika duka la vifaa vya michezo huko Brooklyn, New York. Polisi mmoja aliuawa, lakini wenzake hawakulipiza kwa kuvamia. Walizingira, wakazungumza, wakangoja. Baada ya saa 47, mateka walikuwa wametoroka kupitia paani na majambazi wakajisalimisha.

Mwaka huo huo polisi wa New York waliunda kikosi cha wapatanishi. Waanzilishi wake walikuwa Frank Bolz na Harvey Schlossberg, mpelelezi aliyekuwa pia na shahada ya udaktari katika saikolojia. Kauli mbiu ya kikosi hicho ni fupi: Zungumza nami.

MATEKA AU MLENGWA?

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalifahamu, nalo ndilo kiini cha somo letu. Si kila anayefungiwa ndani ni mateka kwa maana kamili.

Desemba 1975, watu wanne wenye silaha waliokuwa wakikimbizwa na polisi mjini London waliingia katika nyumba ya mume na mke mtaani Balcombe Street. Hawakuwa na ugomvi wowote na wenyewe. Waliwashika ili wawatumie kama ngao na kama fedha ya kununulia njia ya kutorokea. Mtu wa namna hiyo ana hesabu kichwani: akimuua mateka, amepoteza mali yake. Baada ya siku 6 wote wanne walijisalimisha, na mume na mke wakatoka wazima.

Nyumbani hesabu ni tofauti. Mwanamume aliyemfungia mkewe hamtumii kama fedha ya kununulia kitu kingine. Mke mwenyewe ndiye chanzo cha hasira yake. Ukimuuliza anataka nini, mara nyingi atajibu, "Ondokeni! Niacheni na nyumba yangu!" Hana anachohitaji kutoka kwa polisi. Anachokitaka, kwamba mke arudi, au aibu ifutike, au maisha yawe kama zamani, hakuna polisi awezaye kukitoa. Ndiyo sababu wapatanishi humwita aliye ndani mlengwa, wala si mateka, na huhesabu tukio la nyumbani kuwa miongoni mwa yale ya hatari zaidi. Wakati mwingine mtu huyu amekwisha kuamua kuua na kujiua. Kilichobaki ni dakika tu.

Basi kama hakuna cha kununua wala kuuza, mpatanishi anafanya nini? Anapunguza moto chini ya chungu.

YANAYOTOKEA MWILINI

Mtu akipandwa na ghadhabu au hofu kuu, mwili humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, pumzi hukatika, misuli hukaza. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupima mambo na kuona matokeo ya kesho, huzidiwa nguvu na sehemu za ndani zinazojua mambo mawili tu: kupigana au kukimbia. Mtu huyu hasikii sentensi ndefu. Haoni njia tatu wala nne, anaona moja. Ukimpigia kelele kwa kipaza sauti, ubongo wake unasoma kitu kimoja tu: adui amefika.

Pombe huongeza balaa, kwa kuwa hulegeza breki za akili. Miraa nayo huchangamsha mwili na kufukuza usingizi, hivyo aliyeitafuna usiku kucha huchelewa kutulia.

Lakini mwili hauwezi kukaa juu ya kilele hicho kwa siku nyingi. Saa zinapopita, njaa, kiu, haja ndogo na uchovu huanza kudai haki yao. Pumzi inashuka. Ubongo wa mbele unaanza kurudi kazini. Hapo ndipo mtu anaweza kusikia. Kwa hiyo mpatanishi anaponunua muda, hajalala kazini. Anaiacha dawa ifanye kazi.

NGAZI TANO

Katika miaka ya 1990 wapatanishi wa FBI waliipanga kazi yao kwa mfano wa ngazi yenye vidato vitano. Cha kwanza ni kusikiliza kwa makini. Cha pili ni kuonyesha kwamba unaelewa anavyohisi. Cha tatu ni uhusiano wa kuaminiana. Cha nne ni kuwa na ushawishi juu yake. Cha tano ni yeye mwenyewe kubadili mwenendo wake. Kosa la watu wengi, wazee wa mtaa na wahubiri wakiwemo, ni kuruka hadi kidato cha nne: "Weka hilo panga chini! Fikiria watoto wako!" Ushauri kwa mtu ambaye bado hajasikilizwa ni kama tembe kwa mgonjwa anayetapika. Haukai.

Kusikiliza huku si kunyamaza tu. Mpatanishi huuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au la: "Niambie leo kulitokea nini." Hurudia maneno ya mwisho ya mwenziwe ili aendelee. Huitaja hisia kwa jina: "Naona umeumia sana, tena unaona umedharauliwa." Hutulia kidogo kabla ya kujibu. Sauti yake ni ya chini na ya polepole, kwa maana sauti huambukiza. Kuelewa si kukubali. Hasemi, "Ulifanya vyema kumpiga." Anasema, "Nakusikia." Wala haelekezi mazungumzo kwa mke kila mara, kwani kulitaja jina lake kunaweza kuchochea upya moto ule ule. Humwacha mwanamume azungumze juu yake mwenyewe.

Na akiona dalili za kukata tamaa, humuuliza waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Wengi huogopa swali hili wakidhani litampa mtu wazo. Sivyo. Sisi madaktari huwauliza wagonjwa wetu swali hilo hilo. Haliingizi wazo la kufa. Mara nyingi humpa mtu nafuu kwamba hatimaye kuna anayethubutu kulizungumzia.

WASIYOYAFANYA

Wapatanishi waliofunzwa hujiepusha na mambo kadhaa. Hawatoi silaha wala pombe. Hawabadilishani watu, yaani hawamwingizi ndugu ndani ili mke atoke. Hawatoi ahadi ya uongo, kwa sababu uongo ukigunduliwa uaminifu wote umekwisha. Akiweka saa ya mwisho, hawamkumbushi saa hiyo. Humshughulisha kwa mazungumzo mpaka ipite.

Tena, hawaharakishi kumpa jamaa simu. Hili huwashangaza wengi. "Mleteni mama yake, atamsikia!" Pengine atamsikia. Pengine mama huyo ndiye aliyemwambia juzi kwamba yeye si mwanamume kamili. Na pengine anamtaka mama aje ili amuage, kisha afyatue risasi akiwa anamsikia. Mpatanishi huwahoji jamaa kando, hujua nani ana ugomvi na nani, na ikibidi hurekodi ujumbe mfupi ambao umesikilizwa kwanza.

Hata hivyo, muda si rafiki siku zote. Ikiwa watu wameanza kuumizwa ndani, kikosi cha kuingia hakingoji. Hiyo ndiyo sababu wapatanishi na kikosi hicho hufanya kazi bega kwa bega. Dakika za mwanzo na dakika za kujisalimisha ndizo zenye hatari kubwa. Kwa hiyo mtu akikubali kutoka huelezwa kila hatua: silaha iachwe wapi, mikono iwe wapi, atamkuta nani mlangoni. Hupewa pia njia ya kulinda heshima yake kidogo, kwa mfano ahadi ya kweli kwamba hataburutwa mbele ya watoto wake.

KABLA YA POLISI KUFIKA

Sasa turudi kwako, msomaji. Ukisikia tukio kama hili katika ploti yenu, fanya hivi:

1. Piga simu polisi mara moja, nambari 999 au 112. Eleza nyumba iko wapi, nani yumo, watoto ni wangapi, ana silaha gani, amekunywa au la, na kama kuna mgonjwa anayehitaji dawa.

2. Ondoa watu. Umati ni hadhira, na mwenye hasira mbele ya hadhira huona aibu kurudi nyuma. Waondoe pia walio katika vyumba jirani, maana ukuta wa mabati hauzuii risasi, wala moto wa petroli.

3. Usivunje mlango, usikate umeme, usimtukane, usimwambie "Huwezi!"

4. Usipige picha za kutuma mitandaoni. Naye ana simu. Atawaona polisi walipojificha, na atasoma matusi ya watu wasiomjua.

5. Ikiwa yeye mwenyewe anakuita na huna budi kujibu, kaa mahali salama asipoweza kukufikia, taja jina lake kwa heshima, sema machache, sikiliza mengi. "Nakusikia, ndugu yangu. Nieleze." Yatosha. Askari akifika, mwachie kazi.

Nawe uliye ndani, shusha sauti. Usibishane juu ya nani mkosaji, na usizungumzie talaka usiku huo. Kaa mbali na jikoni penye visu, na uwaweke watoto mbali naye. Nafasi halisi ya kutoroka ikipatikana, ichukue. Polisi wakiingia, lala chini, mikono iwe wazi.

BAADA YA MLANGO KUFUNGUKA

Hata pasipoonekana damu, mpeleke mama hospitalini. Ikiwa alikabwa koo, usidanganywe na shingo isiyo na alama. Sauti ya kukwaruza, maumivu akimeza, madoa mekundu machoni, au kumbukumbu iliyokatika, yote ni dalili za kuchukuliwa kwa uzito. Mshipa mkubwa wa shingoni unaweza kupasuka kwa ndani na kuleta kiharusi siku kadhaa baadaye. Mwambie daktari wazi kwamba alikabwa. Asiseme aliteleza bafuni.

Huenda mama akamtetea aliyemfungia. Usimdharau. Aliyeishi saa nyingi akitegemea huruma ya mtu mwenye silaha hujifunza kumtazama kwa macho ya huyo mtu. Ni njia ya kuokoa roho, si uongo wala upumbavu. Watoto nao wanaweza kukojoa kitandani, kuota ndoto mbaya au kukataa kwenda shule. Hali ikizidi mwezi mmoja, waone wataalamu wa afya ya akili. Mwanamume aliyekamatwa naye anahitaji kuangaliwa akiwa kizuizini, kwa kuwa wazo la kujiua halimtoki kwa sababu tu amefungwa pingu.

DALILI ZA MAPEMA

Kinga ni bora kuliko tiba. Matukio haya mara chache huja bila kubisha hodi. Utafiti uliofanywa katika miji 11 ya Marekani na kutolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba, katika nyumba zenye ugomvi, mwanamume anapoweza kupata bunduki hatari ya mwanamke kuuawa huongezeka takriban mara 5. Utafiti mwingine wa huko, wa mwaka 2008, uligundua kwamba aliyewahi kukabwa koo na mwenziwe alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 7 wa kuja kuuawa naye. Ongeza hapo vitisho vya kuua au kujiua, wivu wa kumfuatafuata mke, na zaidi ya yote, majuma ya kwanza baada ya kutengana.

Ukiziona dalili hizi kwako au kwa dada yako, usingoje kikao cha wazee mwezi ujao. Nambari 1195 hupigwa bila malipo kwa masuala ya dhuluma za kijinsia. Sheria ya mwaka 2015 ya kukinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inakuruhusu kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Na kama wewe ndiwe mwanamume ambaye mawazo ya aina hii yamekuanza, silaha ipeleke mbali na nyumba leo, mwambie mtu unayemwamini, uje kumwona daktari. Chumba chetu hakina pingu.

Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Hawakusema ni maneno ya haraka. Kata ukurasa huu uuweke karibu na simu ya nyumbani, nao mlinzi wa lango na mzee wa nyumba kumi wausome. Hadi wiki ijayo, nawatakia afya njema.